Mkuu wa shule hashiki mshahara wa mtu: nadharia za motisha zinamsaidia wapi hasa?

Chaki_Nyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Anayesoma stashahada ya uongozi wa elimu pale ADEM Bagamoyo, chuo cha uongozi wa elimu, lazima akariri mlolongo huu wa nadharia: Taylor 1911, Fayol 1916, Maslow 1943, Herzberg 1959, McGregor 1960, Vroom 1964. Mtihani unafanywa, cheti kinatoka, mtu anarudi kituoni Yombo au Fukayosi, na nadharia zinabaki kwenye daftari.

Nadhani sababu inajulikana. Nadharia nyingi hapo zilitungwa na watu waliokuwa wakitazama viwanda na makampuni, mahali ambapo bosi anaajiri, anafukuza na anaongeza mshahara. Taylor alikuwa kwenye viwanda vya chuma. Fayol alikuwa mhandisi wa migodi. Herzberg alihoji wahandisi na wahasibu mia mbili hivi wa Pittsburgh. Mkuu wa shule ya serikali hana uwezo huo hata mmoja. Mshahara unatoka Hazina, daraja liko TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu), uhamisho uko halmashauri na TAMISEMI, na nyumba za walimu zikiwepo ni mbili kwa walimu kumi na tano.

Kwa hiyo kabla hujachagua nadharia, hesabu kwanza ulicho nacho mkononi:

- ratiba
- mgawo wa masomo, mikondo na majukumu (taaluma, nidhamu, stoo, darasa)
- ruhusa za siku moja moja
- majina yanayopendekezwa wilayani kwa semina na kusimamia mitihani ya taifa
- barua zinazoingia kwenye faili la mtumishi
- neno unalolisema mbele ya wazazi

Basi. Na hapo ndipo Herzberg anapoanza kuwa na maana. Alitenganisha mambo mawili ambayo viongozi wengi huyachanganya. Yapo yanayozuia manung'uniko: mshahara, mazingira, usimamizi, sera za kazi. Yakiwa mabaya watu wanachukia kazi, yakiwa mazuri wananyamaza tu, hawachangamki. Na yapo yanayochochea: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana, kazi yenyewe. Mwaka 1967 mtafiti wa elimu, Sergiovanni, alirudia swali hilo kwa walimu, na kwao vilivyojitokeza sana upande wa uchocheo ni kufanikisha, kutambuliwa na kupewa dhamana.

Sasa rudi kwenye orodha. Kundi la kwanza kwa sehemu kubwa haliko mikononi mwa mkuu wa shule. Kundi la pili karibu lote ni lake. Ila wakuu wengi hutumia kikao kizima kuomba radhi kwa ajili ya la kwanza, kisha la pili wanalitumia bila kufikiri: ratiba anaachiwa mtu wa taaluma aipange usiku mmoja, majina ya semina yanatoka kimyakimya.

Karibuni tuchambue. Naomba tuwe na mambo ya kutekelezeka, tusileteane maelezo ya kitabuni.

---

Nianjema_Damu

Naweka kambi hapa. Ila Maslow umempita kama basi la Chalinze. Mwalimu mwenye njaa utamtambua na barua?

---

Chaki_Nyeupe

Sijampita, mkuu. Kwanza ile piramidi yake ya mahitaji, chakula chini na heshima juu, inayochorwa ubaoni haimo kwenye makala yake ya 1943. Ilichorwa na watu waliokuja baadaye. Yeye mwenyewe aliandika kwamba hitaji la chini halilazimiki kutimia asilimia mia ndipo la juu lijitokeze. Mwalimu mwenye deni dukani bado anaumia akidharauliwa mbele ya wanafunzi. Anaumia zaidi, pengine.

Matumizi yake shuleni ni madogo lakini yapo. Chukua shule za kando ya barabara ya Dar, Mapinga hadi Zinga. Walimu kadhaa wanalala Bunju au Tegeta kwa sababu familia iko huko. Nauli huwezi kuwapa. Kipindi cha kwanza unaweza kukigusa: wape wanaoishi karibu vipindi viwili vya mwanzo, na wanaotoka mbali wabebe vya mwisho, masomo ya ziada ya jioni na usimamizi wa usafi wa kufunga shule. Ila iandikwe kama mabadilishano, kila upande uone unachopata. Ukiwapa wa Bunju kuchelewa kuingia halafu saa nane wote wanatoka pamoja, umezaa kesi nyingine.

---

Mzee_wa_Ratiba

Hapo kwenye "kila upande uone" ndipo penye kazi. Hilo ni la Adams, nadharia ya usawa: mtu hapimi anachopata peke yake, anapima anachotoa na anachopata, kisha anageuza shingo kumtazama mwenzake. Akiona kapunjwa na hawezi kuongezewa, anapunguza anachotoa. Na anapunguza pale pasipoonekana kwanza: andalio la somo, kisha daftari. Kipindi anaingia kama kawaida. Ndiyo maana mkuu wa shule anakuja kugundua Novemba.

Wengi hugawa mzigo kwa kuhesabu vipindi. Ni kosa, kwa sababu kipindi si kazi yote. Nitaweka hesabu inayoweza kufanyika kwa kalamu, kipimo kikiwa kipindi cha dakika 40:

Kipindi cha darasani, pointi 1.
Azimio la kazi moja (somo moja, kidato kimoja), pointi 2 kwa wiki kwa ajili ya maandalio.
Daftari 60 zilizosahihishwa, pointi 1. Ukisahihisha haraka, daftari moja ni kama sekunde 40, hivyo 60 ni dakika 40 kamili.
Mwalimu wa darasa, pointi 2. Nidhamu 4. Taaluma 6.

Tuseme shule ya sekondari ya kutwa ina mikondo 8, wanafunzi 45 kila mkondo, walimu 16. Vipindi 40 kwa wiki mara 8 ni 320, gawanya kwa 16 unapata 20 kila mtu. Inapendeza kwenye karatasi.

Mwalimu wa Fizikia yuko peke yake: vipindi 4 kwa mikondo 8 ni 32. Maazimio manne ni pointi 8. Daftari 360 mara moja kwa wiki ni pointi 6. Jumla 46.

Walimu wa Historia wako wawili. Mmoja ana mikondo 4, vipindi 3 kila mkondo, yaani 12. Maazimio mawili, 4. Daftari 180, 3. Jumla 19. Mpe na darasa alisimamie, 21.

Tofauti ni pointi 25, na wote mshahara unaweza kuwa ule ule. Huwezi kumpeleka wa Historia akafundishe Fizikia. Lakini unaweza haya:

Mosi, wa Fizikia usimpe darasa, usimpe zamu, usimpe stoo. Mtoe yeye na mwingine aliyeelemewa kwenye zamu, walimu 14 waliobaki wakikaa wawili wawili, kila jozi inarudi baada ya wiki saba. Hakuna atakayekufa.

Pili, kipindi kimoja kati ya vinne vya Fizikia kiunganishe mikondo miwili ya kidato kimoja, kiwe cha nadharia au cha kusahihisha jaribio kwa pamoja. Wanafunzi 90 ni wengi, kwa hiyo kisiwe cha kujifunza jambo jipya wala cha maabara. Unaokoa vipindi 4, mzigo unashuka hadi 42.

Tatu, taaluma apewe mtu wa pointi 19 hadi 21. Shule nyingi hufanya kinyume. Taaluma anapewa "mchapakazi", ambaye mara nyingi ni yule yule wa Hisabati au Fizikia mwenye mzigo unaomvunja mgongo. Mwaka wa pili anaomba uhamisho, mkuu anashangaa.

Nne, jedwali libandikwe ukutani ofisi ya walimu. Likikaa kwenye droo halijafanya kazi yake, maana usawa unaotibu ni ule unaoonekana. Siku ya kwanza kutakuwa na kelele kuhusu pointi za azimio au za daftari. Acha wabishane, wabadilishe viwango kwa kikao. Wakishavipanga wenyewe watavitetea.

---

Bint_Dunda

Shikamoo Mzee wa Ratiba. Somo limeeleweka. Naongeza orodha nyingine ya kubandikwa: ya fursa. Kwenye shule nyingi kinachochoma watu si mzigo, ni nani ametajwa kwenda kusimamia mtihani wa darasa la saba au kidato cha nne, kwa sababu pale kuna posho. Mkuu anapeleka majina, anarudia wale wale watatu, halafu Septemba nzima kuna kununa.

Andika majina yote kwa mpangilio wa tarehe ya kuripoti kituoni. Anayekwenda anashuka chini kabisa ya orodha. Aliyekataa kwa hiari yake naye anashuka. Semina ya somo maalumu inakwenda kwa mwalimu wa somo hilo, ila ihesabiwe, ashuke vilevile. Wilaya wakimtaka mtu kwa jina, andika pembeni "ameitwa na wilaya". Kitu cha nusu ukurasa hicho.

---

Mstari_Mwekundu

Niseme ukweli wakuu, mnaongea lugha ya asali. Tatizo la shule zetu ni utoro wa walimu. McGregor alisema wako viongozi wanaoamini mtu hapendi kazi mpaka asukumwe, akaita X, na wanaoamini mtu akiachiwa anajituma, akaita Y. Mimi naona X inafaa kabisa. Kitabu cha mahudhurio, saa 1:30 mstari mwekundu unapigwa, aliye chini ya mstari analipa faini elfu mbili kwenye mfuko wa chai. Nidhamu inarudi.

---

Kengele_ya_Pili

Kaka Mstari, hilo la faini lilishapimwa, tena vizuri. Watafiti wawili, Gneezy na Rustichini, walichukua vituo kumi vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wanachelewa kuja kuchukua watoto. Kwenye vituo sita wakaweka faini. Kuchelewa kukaongezeka, mwishowe karibu mara mbili. Walipoiondoa faini, kuchelewa hakukurudi chini. Tafsiri yao ni kwamba kabla ya faini mzazi aliona haya. Baada ya faini akaona ananunua huduma.

Elfu mbili ya chai ni hivyo hivyo. Mwalimu atalipa Ijumaa, tena kwa mbwembwe, na haki ya kumhoji umeiuza. Zaidi ya hapo, kukata watu pesa hakumo kwenye mamlaka uliyopewa kama mkuu wa shule.

Mstari mwekundu nao una tabu yake. Aliyefika saa 1:35 na kukuta mstari umeshapigwa ana sababu ya kurudi nyumbani na kuomba ruhusa kwa simu. Umebadilisha dakika tano kuwa siku nzima. Na kitabu kile kinapima nani yuko kwenye uzio wa shule. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014 hapa nchini ulionyesha kwamba wasiokuwepo shuleni walikuwa kama 14 kwa kila 100, lakini wasiokuwepo darasani walikuwa karibu nusu. Yaani wengi walikuwa wamesaini, wako ofisini au chini ya mwembe.

Kuna makala ya Weick ya 1976 inayoeleza kwa nini. Shule ni taasisi ambayo sehemu zake zimefungwa kwa kamba legelege. Amri inatoka ofisini, inafika mlangoni mwa darasa, mlango unafungwa. Kiwandani msimamizi anaona mashine imesimama. Shuleni darasa lisilo na mwalimu, kama monita ni mkali, linasikika kimya kuliko lenye mwalimu.

Kwa hiyo pima kipindi. Jarida la darasa liwe karatasi moja kwa siku kwa kila mkondo, na liendeshwe hivi:

Monita analichukua kwa mwalimu wa zamu asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Mwalimu akiingia anaandika mwenyewe mada ndogo, saa ya kuingia, na anasaini anapotoka. Kipindi kisichoingiwa monita anapiga mstari mmoja tu, haandiki maoni. Kengele ya mwisho, mwalimu wa zamu anakusanya karatasi zote. Hakuna karatasi inayolala darasani.

Hilo la mwisho wengi hulilegeza na ndilo linaloua mfumo. Karatasi ikiwa ya wiki nzima, Ijumaa mchana mtu anasaini vipindi kumi na mbili kwa kalamu moja, na monita hawezi kusema kitu. Likikusanywa kila siku, monita anapumua.

Sasa namna ya kulisoma. Wiki ya kwanza na ya pili usitafute majina. Hesabu mistari kwa kipindi: cha kwanza mingapi, cha pili mingapi, hadi cha mwisho. Mistari ikijaa kipindi cha kwanza, tatizo ni usafiri au mkutano wa asubuhi unaozidi muda. Ikijaa baada ya mapumziko, chai inachelewa. Haya unayatibu kwa kubadilisha mfumo, hakuna mtu wa kulaumiwa. Ikibaki imetawanyika wiki nzima kwenye jina moja, hapo una mtu, na hapo X yako ina nafasi.

---

Mstari_Mwekundu

Haya, na huyo mtu unamfanyaje? Unamwimbia?

---

Kengele_ya_Pili

Simwimbii. Mazungumzo ya faragha kwanza, ukiwa na karatasi mezani: tarehe, kipindi, mkondo. Usimtaje kikaoni. Ukimtaja kikaoni wenzake watamtetea hata wanaochukizwa naye. Ikiendelea, barua ya kujieleza yenye siku ya mwisho ya kujibu. Ajibu kwa maandishi. Majibu yasipotosha, onyo. Mkuu wa shule ndiye mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi. Makosa mazito yanakwenda TSC wilaya. Utoro wa siku zaidi ya tano mfululizo bila ruhusa ni wa huko, usikae nao.

Kesi nyingi hufia wilayani kwa sababu ya faili. Mkuu anapeleka maneno "ni mtoro sugu", hana barua hata moja yenye nakala na sahihi ya kupokea. Yule mwalimu anarudi kituoni anatabasamu. Hapo umewafundisha walimu wote kumi na tano jambo ambalo huwezi kulifuta.

---

Nianjema_Damu

Hiyo ya kutabasamu imenichekesha na kuniuma kwa pamoja.

Swali: hizi shule zinazolipa walimu kwa kila A, elfu tano, elfu kumi, mnazionaje?

---

Chaki_Nyeupe

Swali zuri, na jibu lake lina ushahidi wa nyumbani. Shirika la Twaweza liliendesha KiuFunza, jaribio la ruzuku kwa shule na malipo kwa walimu, mwaka 2013 na 2014, shule za msingi 350 katika wilaya 10, madarasa ya kwanza hadi la tatu. Kundi moja la shule lilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi. La pili walimu waliahidiwa 5,000 kwa kila mwanafunzi atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, na mwalimu mkuu 1,000. La tatu lilipata vyote viwili.

Ruzuku peke yake haikuongeza ujifunzaji. Motisha peke yake matokeo yake yalikuwa hafifu. Vyote viwili kwa pamoja, watoto walipanda wazi, kuliko ukijumlisha viwili hivyo kila kimoja peke yake.

Mwenye Vroom kichwani hashangai. Yeye alisema msukumo ni zao la kuzidisha vitu vitatu: naamini nikijitahidi kazi itafanikiwa, naamini ikifanikiwa nitapewa, na hicho nitakachopewa nakitaka. Kimoja kikiwa sifuri, zao ni sifuri. Mwalimu aliyeahidiwa pesa na hana vitabu, imani ya kwanza imeshuka. Mwenye vitabu asiye na sababu ya kuhangaika, ya pili haipo.

Sasa pima "elfu tano kwa A" ya kidato cha nne kwa kipimo hicho. Mwalimu wa Hisabati kwenye shule ya kata yenye daraja D na F tupu anajua A haipo mwaka huu. Sifuri. Mwalimu wa Kiswahili anazo kumi bila kutoka jasho jipya. Mwalimu wa kidato cha kwanza, aliyejenga msingi, hayumo kabisa. Matokeo yanatoka Januari, na juhudi ilitakiwa Machi ya mwaka uliopita. Na ikifika Januari mfuko hauna kitu, ahadi inavunjwa, mwaka unaofuata hakuna anayeamini tena.

---

Mzee_wa_Ratiba

Kama shule lazima iwe na zawadi, basi ipime ongezeko. Chukua wanafunzi wale wale: matokeo yao ya kidato cha pili kwa somo, kisha ya kidato cha nne. Kokotoa wastani mwenyewe, A ni 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Somo lililokuwa 4.6 likaja 4.2 limepiga hatua ya 0.4. Lililokuwa 2.1 likabaki 2.1 halijapiga hatua, hata kama lina A nane. Nusu ya fedha igawiwe kwa ongezeko, nusu igawiwe sawa kwa wafanyakazi wote, mpishi na mlinzi wakiwemo.

Usiende mbali zaidi ya hapo kwa ufundi. KiuFunza ya awamu iliyofuata, 2015 na 2016, ililinganisha malipo ya viwango rahisi na malipo ya kupanga wanafunzi kwa ushindani, ambayo kwa nadharia ya uchumi ndiyo bora. Viwango rahisi havikushindwa, vilifanya sawa au zaidi. Mwalimu anafuata hesabu anayoweza kuipiga mwenyewe.

Na fedha hizo zisitoke kwenye ruzuku ya uendeshaji. Hiyo ina vifungu vyake. Kama ni michango ya wazazi, ni ya hiari, inapita kwenye kamati au bodi na kibali cha juu. Mkuu wa shule asishike hata shilingi. Wakuu wameng'olewa kwenye nafasi kwa mambo madogo kuliko hilo.

---

Bint_Dunda

Kwa shule zisizo na hata senti: barua. Barua ya pongezi yenye jambo mahususi, muhuri, nakala faili la mtumishi. "Pongezi kwa kazi nzuri" haina thamani. "Kwa kuwafikisha wanafunzi 31 kati ya 38 wa darasa la pili kusoma aya kwa ufasaha ifikapo Juni" ina thamani, kwa sababu mwenye barua anaweza kuionyesha popote. Mbili au tatu kwa muhula zinatosha. Ukitoa kumi na tano kwa walimu kumi na tano, umegawa karatasi.

---

Fayol_wa_Pwani

Mmemsahau babu yangu. Kanuni 14 zake nyingi zimepitwa, ila moja inavunjwa kila siku: mtumishi mmoja, mwenye amri mmoja. Jumatatu saa nne mwalimu kijana anaambiwa na taaluma apeleke maandalio, na makamu amsaidie mgeni, na wa zamu asimamie usafi wa vyoo, na mkuu mwenyewe akakae na kamati. Yote halali. Anachagua la mwenye sauti kubwa.

Tiba: ubao mmoja ofisini, wa wiki. Agizo lisiloandikwa pale na makamu si agizo, isipokuwa dharura. Mkuu naye analitii, hasa mkuu.

Mengine ya Fayol nawaachia wa mitihani.

---

Mlingotini_Mashua

Ninyi mnaongelea walimu tu. Huku ufukweni darasa linakuwa nusu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Motisha gani hapo?

---

Kengele_ya_Pili

Hapo nadharia inayofaa ni ya malengo, ya Locke. Lengo liwe mahususi, liwe gumu lakini linafikika, na mtu aone anavyoendelea. "Tukomeshe utoro" si lengo.

Anza na kujua utoro unakuja lini. Bamvua inafuata mwezi: siku za mwandamo na siku za mwezi mpevu, mara mbili kwa mwezi, na pwani yetu maji ya bamvua yanakupwa sana kwenye saa nne au tano asubuhi. Ndio muda wa mwani, pweza na chaza, na ndio muda wa Hisabati. Kila nyumba inajua mwezi umefika ngapi, shule peke yake ndiyo haijui.

Fungua rejista za miezi mitatu, weka alama siku za mwandamo hadi ya tatu, na ya 14 hadi ya 17. Hesabu mahudhurio ya siku hizo na ya siku nyingine kwa kila darasa. Ukishapata tofauti yako, tuseme 62 kwa 88, lengo la muhula liwe kufikisha ile 62 kwenye 72 katika darasa la tano na la sita tu, si shule nzima. Majaribio ya wiki na mada mpya za Hisabati ziondoke siku hizo, ziwekwe za marudio. Kamati ya shule ipelekewe namba hizo zilizoandikwa na walimu, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Wazazi wakikubali mtoto awahi maji baada ya vipindi vinne badala ya kukosa siku nzima, chukua, hata kama karatasini hakupendezi. Afisa elimu kata aambiwe kabla, asije kusikia kwa watu.

Kinachoharibu ni viboko vya siku inayofuata. Mtoto aliyekosa siku moja anakosa tatu kwa kuogopa.

---

Mstari_Mwekundu

Hilo la mwezi sikuwahi kulifikiria. Nakubali kwa shingo upande.

Na PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi? Nayo ni malengo, na walimu wanaichukia.

---

Chaki_Nyeupe

Wanaichukia kwa sababu wananakili. Mmoja anaandika "kufundisha wanafunzi", kumi wanabandika, mkuu anaidhinisha wote usiku wa mwisho. Kwenye OPRAS, mfumo uliotangulia, ilikuwa hivyo hivyo kwa karatasi. Kaa na kila mwalimu dakika kumi na tano kabla hajajaza, mkubaliane mambo matatu yanayohesabika: mada ngapi za azimio zitakwisha ifikapo mwisho wa mwezi, daftari mara ngapi kwa wiki, wanafunzi wangapi watoke F. Walimu 16 ni saa nne, zigawe siku nne. Mfumo utabeba kilichokubaliwa, hautakitengeneza.

---

Nianjema_Damu

Kengele ya Pili, tuwekee hilo jarida la darasa lilivyo, safu kwa safu, tulichape.

---

Kengele_ya_Pili

Karatasi ya A4 ilazwe. Juu: shule, kidato na mkondo, tarehe, idadi ya waliopo asubuhi na baada ya mapumziko.

Safu: namba ya kipindi, somo, mada ndogo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kazi iliyotolewa (ndiyo au hapana), saini. Mistari minane, mmoja kwa kila kipindi. Chini: saini ya monita, saini ya mwalimu wa zamu, saa iliyopokelewa.

Safu ya "maoni" isiwepo. Ikiwepo, monita atalazimishwa aijaze.

Mikondo minane kwa siku tano ni karatasi 40 kwa wiki, yaani rimu moja ya 500 inatosha wiki kumi na mbili na nusu. Ukichapa pande mbili, siku mbili kwa karatasi, monita atairudisha darasani kesho yake na utakuwa umerudi kwenye kusaini kwa mkupuo. Chapa upande mmoja.